Songa kidogo, kapteni

*Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wa nundu hupita nje ya mwamba wa pwani yetu, na familia zinazotoka bara kwenda kuwaona zinaongezeka. Anayelipa anataka kusogea karibu. Nyangumi mwenye mtoto anataka watu wakae mbali. Katikati amekaa nahodha na bei ya petroli.*

WATAMU – Boti imekwisha kuvuka mlango wa mwamba na kusi inaipokea kwa ubavu. Ni asubuhi ya Agosti, watoto wako likizo. Mvulana wa miaka kama sita amejikunja mapajani pa mama yake, kigegezi kimemshika, rangi imemtoka usoni. Dada yake ameng'ang'ania simu kwa mikono miwili, hataki kupitwa. Baba, aliyelipa, amesimama ingawa ameambiwa zaidi ya mara moja akae.

Mbele yao, kiasi cha mita mia mbili, mgongo mweusi unainuka polepole. Mvuke mweupe unaruka juu, unasimama kidogo, unachukuliwa na upepo. Ubavuni pake unainuka mgongo mwingine, mdogo. Nahodha anapunguza mashine mpaka inabaki kukoroma.

"Songa kidogo, kapteni," anasema baba.

"Hapa panatosha, mzee. Yuko na mtoto."

"Sisi tumetoka Nairobi kwa ajili yake huyo."

Nahodha hajibu. Anatazama boti mbili zinazokuja kutoka kaskazini, mashine zikilia, pua zimeinuka. Hesabu anayoipiga haina haja ya kusemwa. Abiria wakirudi wamenuna, bakshishi hakuna, na watakaotoka kesho wataelekezwa kwa nahodha mwingine anayesogea.

Wageni wa kusi

Nyangumi hawa hawaji kula. Chakula chao, vijikamba vya bahari ya baridi, kiko kusini kabisa, karibu na Antaktika. Msimu wa baridi unapoingia huko, wanaanza safari ya kaskazini wakifuata ukingo wa Afrika: Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania, kisha Kenya, na baadhi husogea mpaka Somalia. Wanafuata maji ya joto, kupandana na kuzaa.

Jike aliyekomaa hufika mita 14 au 15 na uzito wa tani 30 hivi. Hubeba mimba karibu mwaka mzima. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita nne na uzito unaokaribia tani moja, na huanza kunyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi. Maziwa hayo yanatengenezwa kutokana na shahamu aliyoiweka mama miezi iliyopita. Tangu aiache bahari ya baridi hajala kitu cha maana, wala hatakula mpaka arudi. Ni sawa na mwanamke anayenyonyesha akiwa amefunga, na iftari yake iko umbali wa maelfu ya kilomita.

Mgogoro wote wa boti unaanzia hapo. Kila mbio anazokimbizwa mama huyu zinakatwa kwenye akiba ambayo hana pa kuijazia hapa kwetu. Watalii wanaona mkia ukipiga maji na kupiga makofi. Kwa mama na mtoto hiyo inaweza kuwa gharama.

> Tangu aiache bahari ya baridi hajala kitu cha maana, wala hatakula mpaka arudi.

Pwani ya Watamu ina bahati yake ya kijiografia. Sakafu ya bahari inashuka ghafla si mbali na mwamba, kwa hiyo nyangumi hupita karibu na nchi kavu kuliko mahali pengi. Manahodha wa boti za kuvulia samaki wakubwa, wale wa sulisuli na jodari, walikuwa wakiwaona kila mwaka na kusimuliana jioni, basi. Chama cha Watamu Marine Association na mtandao wa Kenya Marine Mammal Network, ulioanza mwaka 2011, ndio walioanza kuyageuza masimulizi hayo kuwa kumbukumbu: tarehe, mahali, wangapi, wakielekea wapi, wana mtoto au hawana.

Kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye biashara njia ilikuwa fupi. Watu wa utalii waliona upesi kwamba miezi ya nyangumi ndiyo miezi ya nyumbu kuvuka Mto Mara. Asubuhi ya Jumatatu nyumbu, Alhamisi nyangumi, na kati yake ndege. Likawa tangazo ambalo nchi chache duniani zinaweza kulitoa.

Bahari iliyokuwa imeporwa

Nyangumi si mgeni katika masimulizi ya pwani. Mtoto yeyote aliyekaa kwenye jamvi la chuo anajua habari ya Nabii Yunus tumboni mwa samaki. Na karne ya 10 msafiri Al-Masudi, aliyefika pwani hii ya Zanj, aliandika habari za ambari iliyookotwa kwenye fukwe zake na kuuzwa mbali kwa bei kubwa. Ambari hutoka kwenye utumbo wa nyangumi wa aina nyingine, si huyu mwenye nundu, lakini inatosha kuonyesha kwamba jina la mnyama huyu na habari za fedha zimeandamana hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kilichokaribia kumfuta ni viwanda. Durban ilikuwa na kituo cha kuchinjia nyangumi tangu 1908 hadi 1975. Katika nusu ya kusini ya dunia waliuawa nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 katika karne ya 20. Marufuku ya kuwawinda upande huo yalitangazwa 1963, lakini meli za Muungano wa Kisovieti ziliendelea kwa siri. Kumbukumbu zilizofichuliwa baadaye zinaonyesha kwamba kati ya 1947 na 1973 meli hizo ziliua nyangumi wa nundu zaidi ya 48,000 huku zikitoa taarifa za 2,710 tu.

Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kwa hoja iliyoletwa na Ushelisheli, ilitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la hifadhi ya nyangumi. Marufuku ya jumla ya uwindaji wa biashara yalipitishwa 1982 na kuanza kutumika msimu wa 1985/86. Mvuvi aliyeanza kazi miaka ya 1970, basi, aliikuta bahari imekwisha kuporwa. Mjukuu wake anaiona ikijaa tena, na anaiona akiwa ndani ya boti yenye watalii.

Biashara ya kuwatazama nayo ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Inahesabiwa kuanza 1955 huko San Diego, Marekani, mtu mmoja alipoanza kuwatoza watu dola moja kwenda kuwaona nyangumi wa kijivu. Kufikia 2008 watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 13 kwa mwaka katika nchi na visiwa 119, na fedha zilizozunguka zilikuwa dola bilioni 2.1. Hakuna anayetarajia pwani yetu iukatae mgao huo. Suala ni masharti ya kuuingia.

Kizimkazi ilitutangulia

Mwenye kutaka kujua Watamu inaweza kufika wapi, asiende California. Avuke Pemba ashuke mpaka kusini mwa Unguja, Kizimkazi, kijiji ambacho msikiti wake wa Dimbani una maandishi ya mwaka 1107.

Hapo zamani pomboo walivuliwa wawe chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni wakaanza kulipa ili wawaone, na pomboo hai akawa na thamani kuliko pomboo aliyekatwa vipande. Kwa upande huo utalii ulifanya kazi ambayo hakuna sheria iliyokuwa imeifanya, na wanaoubeza wakumbuke hilo kwanza.

Kisha mafanikio yakaleta boti, na boti zikaleta boti. Mtindo uliozoeleka ni huu: pomboo wakionekana, boti zinawazunguka, nahodha anawakata mbele, wageni wanaambiwa ruka, wanaruka, pomboo wanazama na kuibukia mbali, wageni wanapandishwa, mbio zinaanza tena. Nimeshuhudia. Baada ya nusu saa hujui tena kama umekuja kuona wanyama au mashindano ya mashine.

Watafiti walikaa wakaipima hali hiyo. Utafiti uliochapishwa 2010 ulilinganisha mwenendo wa pomboo wa Kizimkazi pasipo boti za watalii na zinapokuwapo. Muda wa kupumzika ulishuka kutoka asilimia 38 hadi 10. Muda wa kusafiri tu, kwenda na kwenda, ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 77. Miongozo ya jinsi ya kuwakaribia ilikuwa imetungwa, na wenye boti walishirikishwa. Miongozo ya hiari hupendwa sana wakati wa semina.

> Muda wa kupumzika wa pomboo ulishuka kutoka asilimia 38 hadi 10.

Tofauti ni kwamba pomboo ni mkaazi. Ana mahali pake, na leo akikukimbia kesho nahodha anajua pa kumtafuta. Nyangumi ni msafiri. Akifukuzwa anaweza kwenda nje zaidi, kwenye maji ambayo boti ndogo haifiki, na pwani ikabaki na mabango ya matangazo.

Mashine inasema nini chini ya maji

Mara nyingi mabishano haya huishia kwenye mita. Mwongozo unaotumika sehemu nyingi duniani hutaja mita 100 kuwa kikomo cha kumkaribia nyangumi mkubwa, mwendo wa pole kuanzia mita 300, kumjia kwa ubavu na si kwa mbele wala nyuma moja kwa moja, na kutojiingiza kamwe kati ya mama na mtoto. Ni kanuni nzuri, lakini haina habari na jambo moja.

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa Exmouth Gulf, magharibi mwa Australia. Watafiti walizamisha spika mita 100 kutoka kwa nyangumi wa nundu waliokuwa wamepumzika na watoto wao, wakawachezea sauti ya boti kwa viwango mbalimbali. Katika kiwango cha juu kabisa muda wa mama kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, kupumua kwake kukaongezeka maradufu na mwendo ukapanda kwa asilimia 37. Umbali ulikuwa ule ule mita 100, ulio halali kwa kanuni. Kilichobadilika ni kelele.

Sehemu hiyo hiyo watafiti wengine walikuwa wamegundua, 2017, kwamba mama na mtoto husemezana kwa sauti ya chini sana, minong'ono hasa, pengine ili wasisikiwe na nyangumi wauaji. Sasa fikiria mashine kuukuu ya boti, iliyofungwa upya mara nyingi na yenye panga lililopinda, ikipita juu ya mazungumzo hayo.

Maana yake ni kwamba nahodha aliye mita 150 akiwa ameipa mashine mwendo kwa sababu anataka kumwahi mnyama mbele, huenda anaudhi kuliko yule aliyefika polepole na kuacha boti ielee. Hilo halijaandikwa kwenye bango lolote la ufukweni nililosoma. Linapaswa kuandikwa kabla ya mita.

Hesabu ya mwenye boti

Ni rahisi kumlaumu nahodha ukiwa mezani na chai. Ukikaa naye ufukweni asubuhi, hadithi ina upande wa pili.

Safari ya kwenda kuona matumbawe ndani ya mwamba ina matumizi yanayojulikana: dakika kadhaa za mashine, unatia nanga, watoto wanaogelea, unarudi. Nyangumi hatii nanga. Ni kutoka nje, kuzunguka saa tatu au nne katika maji ya kusi, petroli ikiungua, macho yakitafuta mvuke kwenye mawimbi yenye povu jeupe kila upande. Siku nyingine humwoni. Wageni hawakuficha kwamba walikuja kwa nyangumi, na wapo mawakala walioahidi kwa simu kwamba "lazima mtamwona". Wakala yuko mjini. Atakayetazamwa vibaya ni mwenye usukani.

Kwa hiyo manahodha hupigiana simu. Mmoja akiona, wenzake wanajua. Ni ushirikiano wa kawaida wa bahari, na kwa uvuvi ni jambo jema. Kwa nyangumi mwenye mtoto ndio unaoleta boti nne mahali palipokuwa na moja.

Wenye boti wana malalamiko mengine, nayo yana uzito. Wanaambiwa wabadili mashine, wapate cheti, wapunguze abiria, wasikaribie, lakini hakuna anayewaambia mgeni ataelimishwa na nani. Mgeni ametazama video za watu wanaogusa nyangumi kwa mkono huko Meksiko na anadhani hiyo ndiyo huduma aliyolipia. Nahodha anayekataa anaonekana mzembe, na katika kazi hii ya bakshishi sifa ndiyo mshahara.

Mimi naona hapo ndipo pa kushika. Tumeuza ukaribu, ndipo tukawakataza wauzaji wasiutoe. Afadhali bidhaa yenyewe ibadilishwe.

Kuna cha kuuza kutoka mbali

Dume wa nyangumi wa nundu huimba. Wimbo wake ni mrefu, una mafungu yanayorudiwa kwa mpangilio, na madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja ambao hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Wanasayansi Roger Payne na Scott McVay waliuchambua katika makala yao ya mwaka 1971, na chombo cha Voyager kilichorushwa angani 1977 kilibeba sauti zake pamoja na salamu za binadamu. Wazamiaji wa pwani hii husikia wimbo huo wakiwa chini ya maji msimu unapokolea, hata kama mwimbaji haonekani.

Maikrofoni ya majini na kispika kidogo ndani ya boti vinatosha kuwasikilizisha familia nzima. Na sharti la kusikia ni kwamba mashine izimwe. Bidhaa hiyo inamlipa nahodha kwa kunyamaza! Sijui kwa nini si kila boti ya Watamu na Diani inayo.

Kitu cha pili ni mkia. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi wa nundu una mabaka meupe na meusi, makovu na kingo zilizochanika, na hakuna wawili wanaofanana. Picha moja nzuri ya mkia, yenye tarehe na mahali, inaweza kulinganishwa na picha za Msumbiji, Madagaska au Antaktika. Zipo hifadhi za picha mtandaoni, Happywhale ikiwa mojawapo, ambako mtu yeyote anaweza kupeleka picha yake na kuarifiwa mnyama huyo akionekana tena. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kulifanya hilo kwa simu ya mama yake. Mkia huonekana nyangumi anapozama, akiwa amekupa mgongo anakwenda zake. Kumfukuza hakuongezi lolote.

Na kuna ardhi. Hermanus, Afrika Kusini, watu huwatazama nyangumi kutoka kwenye majabali ya ufukweni bila kulipa senti, na tangu 1992 mji huo una mtu wa kupiga baragumu kutangaza wameonekana upande gani. Nyangumi wa huko ni wa aina nyingine, hujongea mno ufukweni, kwa hiyo tusiige bila kufikiri. Lakini siku za utulivu mvuke huonekana hata kutoka fukwe zetu, ukiwa na darubini na subira. Kwa familia ambayo bei ya boti ni karo ya muhula, na hizo ndizo familia nyingi za Kilifi kwenyewe, hiyo ndiyo njia pekee. Inasikitisha kwamba mtoto wa Gede anamjua simba wa Tsavo kwa picha na nyangumi wa nyumbani kwao vilevile kwa picha.

Mwenye jarife

Katika mikutano ya utalii kiti cha mvuvi wa nyavu huwa kitupu, naye ndiye anayekutana na nyangumi usiku.

Jarife hutegwa jioni, linaelea au kukaa chini hadi alfajiri. Nyangumi akilipitia, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Huenda akachana akaenda na kipande, na mvuvi akabaki na deni la wavu. Huenda naye akabaki amevishwa kamba na maboya, akiyaburuta mpaka achoke. Mtoto, mwenye nguvu kidogo na anayehitaji kupanda kupumua mara kwa mara zaidi, ana nafasi ndogo ya kupona. Huko Zanzibar watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wameandika kwa miaka mingi kuhusu pomboo wanaokufa katika nyavu za namna hii.

Hivyo boti ya watalii inaweza kuwa na adabu zote na nyangumi akafa kwa wavu ambao hakuna mtalii aliyeuona. Ukiniuliza lipi ni kubwa, nitasema wavu. Ila wavu hauna mabango, na anayeutega hana wakala.

Watoto na demani

Turudi kwa mvulana mwenye kigegezi, maana msomaji anayepanga safari ana haki ya kuambiwa ukweli. Agosti, watoto wanapokuwa nyumbani, kusi bado ina nguvu. Nje ya mwamba si mahali pa kujifunzia bahari. Mtoto mdogo atatapika, atalia, na atakumbuka hilo tu.

Demani ikiingia, Septemba kwenda Oktoba, upepo unalegea na maji yanatulia. Nyangumi bado wapo, wengi wakiwa wameanza kurejea kusini na watoto waliozaliwa msimu huo. Shule zimefunguliwa, ndiyo, lakini kuna wikendi, na kuna sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba. Toka alfajiri kabla upepo haujaamka. Kifungua kinywa kiwe chepesi, tangawizi isikosekane, na mtoto akae katikati kuelekea tezi, mahali boti inaporuka kidogo, macho yake yatazame upeo na si simu.

Jaketi la kuokolea la mtu mzima halimwokoi mtoto. Anachomoka kwa chini. Boti isiyo na majaketi ya watoto isimpeleke mwanao kuvuka mwamba, hata bei iwe ya kutupa. Chini ya miaka mitano, kwa maoni yangu, mwache ufukweni na bibi yake wajenge ngome ya mchanga.

> Jaketi la kuokolea la mtu mzima halimwokoi mtoto. Anachomoka kwa chini.

Nje ya mwamba, nani askari?

Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa 1968 pamoja na ya Malindi, ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Lakini kiini chake ni kilomita za mraba 10 hivi, na kililenga matumbawe. Ndani yake askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wanaonekana na ada inalipwa. Nyangumi anapita kwingine, kwenye maji ambako doria ni ghali na upepo ni mkali.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda wanyama wa baharini kama inavyowalinda wa nchi kavu, na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ina kazi ya kukagua usalama wa vyombo. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni jicho pale boti ya tatu inapofika.

Afrika Kusini walichagua leseni. Boti chache zenye kibali maalumu huruhusiwa kusogea mpaka mita 50; nyingine zote hukaa mita 300, na asiye na kibali hana ruhusa ya kuuza safari ya nyangumi. Faida yake ni kwamba mwenye leseni hugeuka kuwa askari wa bure, kwa sababu ana kitu cha kupoteza na hapendi kumwona asiye nacho akimharibia. Hasara yake tunaijua sisi wa huku: leseni chache huishia mikononi mwa wenye hoteli kubwa, na vijana wa ufukweni wenye boti moja ya shirika wanabaki kutazama. Watetezi wa hifadhi wanaupenda mfumo huu. Vyama vya wenye boti ndogo vina haki ya kuuogopa, mpaka vione orodha ya majina.

Kama utakuja, leseni au pasipo leseni, mazungumzo ya maana yatabaki kuwa yale ya mchangani kabla hujavua viatu. Bei ya kwanza utakayotajiwa si ya mwisho, hilo unalijua. Uliza na mengine. Majaketi ya watoto yako wapi, nionyeshe. Tukikuta boti mbili zimekwisha kumzunguka tutafanyaje? Tusipomwona, nalipa nini? Mashine utaizima au utaiacha ikinguruma? Kisha mwambie nahodha, mbele ya familia yako wasikie, kwamba bakshishi yake umekwisha kuitenga, kiasi fulani, na ataipata hata mkimwona nyangumi kwa mbali. Mpe nusu hapo hapo.